Tulivyoichagulia Mashine Kuukuu Sura Yake

Kila chombo kina namna yake ya kupewa kazi. Jembe hupewa kazi kwa mkono, baiskeli kwa miguu, na mtu kwa neno la adabu. Kompyuta nayo ina namna mbili. Ya kwanza ni kuiandikia amri kwa maneno, na ya pili ni kuionyesha picha kwa kidole au kwa kipanya. Ninyi watoto wa siku hizi mmeizoea hiyo ya pili katika simu za wazazi wenu, hata mwadhani kwamba hakuna nyingine. Leo nataka kuwaeleza habari za zote mbili, na jinsi sisi wa shule moja ya huku Mgeta tulivyolazimika kuchagua kati yake kwa ajili ya mashine mbili kuukuu.

Kwanza, fahamuni tofauti yake. Ukienda katika duka la kijijini lenye wavu mbele ya meza, huwezi kushika kitu. Wasimama nje ya wavu na kutaja jina: "Naomba chumvi, naomba kiberiti." Ukilijua jina utapata, usipolijua utarudi mikono mitupu, hata kama kitu chenyewe kimo rafuni mbele ya macho yako. Lakini ukienda katika soko la Nyandira, kabichi, karoti, viazi na njegere vimepangwa chini wazi. Hata mgeni asiyejua jina la mboga huonyesha kwa kidole, naye huuziwa. Kompyuta ya amri ni kama duka lile, na kompyuta ya picha ni kama soko hili. Ile sehemu ya mashine inayoonana na mtu, iwe ya maneno au ya picha, wataalamu huiita kiolesura. Mimi nitaiita sura, maana ndiyo tunayoitazama tunapozungumza na mashine.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ndogo ya kuwekwa mezani. Mfumo wa kuiendesha ulitolewa na kampuni ya Microsoft, nao uliitwa DOS. Asili yake ilikuwa kazi ya fundi mmoja, Tim Paterson, aliyeuandika mwaka 1980 katika kampuni nyingine ndogo ya mji wa Seattle, kisha Microsoft wakaununua. Mfumo huo haukuwa na picha. Ulipowasha mashine, ulionyeshwa herufi moja na alama chache tu, hivi: C:\> na kando yake kialama kikimetameta. Hapo mashine ilikuwa ikingoja neno. Ukiandika DIR, ilikuorodheshea mafaili yako. Ukiandika COPY, ilikunakilia. Ukiandika DEL, ilifuta. Usipoandika kitu, ilikaa kimya mpaka jioni.

Watu waliokuwa wakitafuta njia ya picha walikuwapo hata kabla ya siku hizo. Mwaka 1968, huko San Francisco, mtaalamu aitwaye Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kipanya kikitembeza alama juu ya kioo. Na kipanya cha kwanza kabisa, kilichotengenezwa miaka michache kabla ya hapo, kilikuwa kimechongwa kwa mti. Mwaka 1973 mafundi wa kampuni ya Xerox waliunda mashine iitwayo Alto, yenye madirisha na picha. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ikauza Macintosh, na watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza kwamba mtu aweza kuiamuru kompyuta bila kukariri amri.

Basi wenye mashine za DOS nao wakatamani. Wenye makampuni wakaanza kushona nguo za kuivika DOS. Mwaka 1983 ikatoka Visi On. Mwaka 1985 kampuni ya Digital Research ikatoa GEM, na mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Microsoft ikatoa Windows ya kwanza. Mwaka 1990 ikatoka GeoWorks, na Windows 3.0 pia, kisha mwaka 1992 ikafuata Windows 3.1, ambayo ilienea sana maofisini. Angalieni kwamba hizi zote hazikuiondoa DOS. DOS ilibaki chini kama msingi wa nyumba, nazo zilikuwa chokaa na madirisha. Ndiyo maana mwenye DOS aliweza kuchagua: aiache bila picha, ama aivike hii, ama aivike ile.

Tena GEM ilikuwa na kisa chake. Ilifanana na Macintosh mno, hata Apple wakatishia kuwashtaki wenye GEM. Ikabidi waibadili: katika toleo lililofuata wakaondoa picha ya pipa la taka, na madirisha mengi yaliyokuwa yakipandana yakawa mawili tu yasiyohamishika. Hivyo chombo kilichokuwa kizuri kikapunguzwa uzuri kwa sababu ya ugomvi wa wenye mali. Likumbukeni neno hili la mali, maana litarudi.

Sasa nije kwetu. Ofisi moja ya mjini Morogoro ilitupatia kompyuta mbili ilizokuwa haizitaki tena. Zilipanda mlima huu juu ya gari la mboga lililokuwa likirudi tupu, zimeviringishwa magodoro ili zisivunjike. Zilikuwa za aina ya 486, na kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4. Ili mjue udogo wake, simu ya mkononi yenye gigabaiti 2 ina kumbukumbu mara 512 kuliko mashine hizo. Windows za siku hizi haziwezi hata kuamka ndani yake. Kipanya kilichofanya kazi kilikuwa kimoja tu kwa mashine zote mbili.

Wajumbe wa kamati ya shule walitazama, wakatikisa vichwa. Wengine walisema ziuzwe kama chuma chakavu, fedha zinunue chaki. Mwisho walitupa muhula mmoja: kama mwisho wa muhula wanafunzi wa darasa la sita wataweza kuonyesha kazi yoyote ya maana iliyofanywa kwa mashine zile, zitabaki; kama sivyo, zitashuka mlima kama zilivyopanda.

Tuliziwekea mfumo uitwao FreeDOS. Huu ni ndugu wa DOS, lakini si mali ya kampuni. Mwaka 1994, iliposikika kwamba Microsoft itaiacha DOS, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Jim Hall, alitoa tangazo kwamba yeye na wengine wataandika mfumo wa namna ileile, ambao kila mtu ana ruhusa kuunakili, kuugawa na kuubadili. Toleo lao lililoitwa la kwanza kamili lilitoka mwaka 2006, na kazi yao inaendelea; toleo la 1.4 lilitoka mwaka 2025. Mfumo huo ni mwepesi, nao uliamka katika mashine zetu kwa muda mfupi sana.

Siku ya kwanza nilimwita kijana mmoja, mwepesi wa hesabu, akae mbele ya mashine. Nilimwambia aandike neno DIR. Akaandika DRI. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza: "Bad command or filename." Mtoto yule alikuwa amejifunza neno "bad" darasani, akijua kuwa maana yake ni mbaya. Akaondoa mikono yake juu ya herufi kama aliyeungua, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, imesema mimi ni mbaya?" Wenzake wakacheka. Juma lile hakutaka kukaribia mashine tena, ingawa nilimweleza kwamba lililolaumiwa ni neno, si yeye.

Hapo nikaona kwamba jambo la sura si jambo la urembo. Mtoto wa darasa la sita husoma masomo yake yote kwa Kiswahili, isipokuwa somo lenyewe la Kiingereza. Tukimweka mbele ya mashine inayosema Kiingereza kitupu, tena kwa ukali, tumemjengea wavu wa pili mbele ya ule wa kwanza.

Mwalimu mwenzangu, kijana kuliko mimi, alikuwa na shauri lake. Alisema, "Mwalimu, tuweke Windows 3.1. Rafiki yangu mjini anayo nakala. Watoto hawa watakwenda Morogoro na Dar es Salaam, nako hakuna anayeandika amri. Wakifika huko na amri zako, watachekwa kuwa ni washamba." Neno lake lilikuwa na uzito, wala sikulidharau. Aibu ya mtoto wa mlimani akifika mjini mimi naijua.

Tulikaa tukapima mambo matatu. La kwanza ni nguvu za mashine. Windows 3.1 ingeweza kukaa katika megabaiti 4, lakini hupenda DOS ya nyumbani kwake. Juu ya FreeDOS tuliyokuwa nayo haikutegemewa kufanya kazi zake zote. Tena huku kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi, na mfumo mwepesi hurudi kazini upesi kuliko mzito.

La pili ni mali. Ile nakala ya rafiki haikuwa na ruhusa. Kuwa kitu ni cha zamani na hakiuzwi tena dukani hakumfanyi kila mtu kuwa mwenyewe. Nilimwambia mwenzangu, "Tukiwafundisha watoto kompyuta kwa nakala isiyo na ruhusa, watajifunza mambo mawili siku moja, nasi twataka wajifunze moja." Lakini GEM ilikuwa imepata bahati nyingine. Kampuni ya Caldera, iliyokuwa imerithi mali ya Digital Research, iliifungua mwaka 1999, ikawapa watu wote ruhusa ya kuitumia na kuibadili. Kutoka hapo ikazaliwa OpenGEM, ambayo imo katika hazina ya programu za FreeDOS. Basi sura ya picha isiyo na lawama ilikuwapo.

La tatu ni lugha, na hili ndilo lililonikesha. Windows 3.1 na OpenGEM zote mbili huonyesha picha, lakini chini ya picha kuna maneno, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Picha humsaidia mtoto kuonyesha kwa kidole. Haimwambii anachokionyesha ni nini.

Hapo nikakumbuka kwamba katika DOS kuna njia ndogo ambayo watu wengi huisahau. Mtu aweza kuandika amri zake ndani ya faili, akalipa faili hilo jina analolitaka lenye mwisho wa BAT. Na jina hilo, lisilozidi herufi 8, likawa ni amri mpya. Nikaandika faili liitwalo ORODHA, ambalo ndani yake mna neno DIR. Nikaandika NAKILI, lenye COPY ndani. Nikaandika SOMA, la kuonyesha maandishi ya faili, na FUTA, lililoamriwa kumwuliza mtu kwanza kabla ya kufuta. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu yake kama lugha nyingine, kwa hiyo mashine kongwe ya namna ile hukiandika pasipo taabu. Kisha nikatunga orodha ya kazi, itokee kila mashine inapowashwa:

1. Andika insha
2. Soma insha
3. Orodhesha mafaili
4. Nakili katika diski
5. Maliza kazi

Chini yake niliandika: "Chagua namba. Ukikosea, jaribu tena, hakuna neno." Mtoto hubonyeza namba, nayo mashine hufanya. Hii nayo ni sura, ingawa haina picha hata moja.

Basi kwa kuwa kipanya kilikuwa kimoja, tukaamua hivi: mashine ya kwanza ivikwe OpenGEM, na ya pili ivikwe orodha ya Kiswahili, tuone.

Juma la kwanza wote walikimbilia mashine ya kipanya. Walifungua picha, wakazifunga, wakaona mafaili yamekaa kama karatasi mezani, wakafurahi. Mwalimu mwenzangu alinitazama akitabasamu. Wale wa mashine ya pili waliandika insha zao polepole, wakitafuta herufi moja moja kwa kidole.

Juma la nne nikawauliza wote swali moja: "Insha yako iko wapi?" Wengi wa mashine ya picha walinyoosha kidole kwenye kioo wakasema, "Ipo pale." Nikazima kioo, nikauliza tena, wakanyamaza. Wale wa mashine ya pili walijibu, "Imo katika faili liitwalo KABICHI, ndani ya folda ya darasa la sita." Hawakuhitaji kioo, maana walikuwa wamelitaja jina kwa mikono yao. Lakini nikawapa jaribio la pili: wahamishe mafaili kumi kutoka folda moja hadi nyingine, wakiyachagua hapa na pale. Hapo wa picha waliwashinda wenzao mbali, maana waliona yote kwa mara moja, na wa maneno walipotea katikati ya majina. Ikadhihirika kwamba kila sura ina kazi yake iliyo nyepesi kwayo.

Shauri letu likawa hili. Kila mwanafunzi aanze na orodha ya Kiswahili, ili ajue jina la kila tendo kwa lugha anayoifikiria. Kisha afunguliwe faili la ORODHA au NAKILI, aone kwamba ndani yake limejificha neno la Kiingereza, alijue kama anavyojua neno jingine lolote la somo la Kiingereza. Mwisho aende kwenye mashine ya picha, afanye kazi ileile kwa kipanya. Mwalimu mwenzangu alikubali, akaongeza jambo zuri kuliko yote: kwamba wale watoto wa darasa la sita wenyewe waandike maneno ya orodha ya darasa la tano. Wakaandika. Na yule kijana aliyeogopa neno "bad" ndiye aliyetunga maneno ya kumjibu aliyekosea: "Namba hiyo haipo, ndugu yangu. Tazama tena."

Mwisho wa muhula kamati ilikuja. Wanafunzi waliwaonyesha wajumbe bei za mboga za mwezi mzima walizozikusanya kutoka kwa wazazi wao, zikiwa zimeandikwa na kupangwa katika mafaili, kila mboga na jina lake. Mzee mmoja mkulima aliomba asomewe bei za karoti. Akasomewa. Akauliza, "Nami naweza kuiuliza mwenyewe?" Wakamkalisha kitini, akasoma orodha kwa Kiswahili, akabonyeza 2, akaona karoti zake. Mashine hazikushuka mlima.

Katika kuchagua kitu kigeni, watu wa milima hii wanayo habari ya kale yenye mafundisho. Katika miaka ya kwanza ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba ngazi pana milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuhifadhi ardhi, lakini udongo mzuri wa juu ni mwembamba mahali pengi. Ngazi zilipochimbwa, udongo mbovu wa chini ukaja juu, na ule mzuri ukafukiwa. Watu wakakataa, mwaka 1955 zikatokea ghasia, na mpango ukaachwa. Kumbe Waluguru walikuwa na matuta yao madogo ya ngazi, ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Chombo kinachosifiwa kwingine chaweza kuufukia udongo wenu mzuri, msipokipima kwanza kwa ardhi yenu.

Wala msidhani kwamba kuipa kompyuta maneno ya Kiswahili ni mchezo wa shule ndogo ya mlimani. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu kubwa ya kuandikia na kupigia hesabu, yenye maneno yake kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa wazi, kama ilivyo OpenGEM. Katika GEM maneno yanayoonekana juu ya kioo huwekwa katika faili lake la peke yake, mbali na programu yenyewe, na mwenye ujuzi aweza kuyabadili. Kazi ya kuivika OpenGEM Kiswahili sisi hatujaifanya. Inamngoja mmoja wenu.

Nanyi mtakapokua mtapewa mashine nyingi, nyingine mpya na nyingine kuukuu, nazo zitakuja na sura za kila namna. Msichague kwa uzuri wa picha peke yake. Ulizeni kwanza: mashine hii ina nguvu kiasi gani? Ruhusa ya kuitumia programu hii tunayo? Atakayekaa mbele yake ataelewa anachoambiwa? Na kioo kikizimika, je, ataweza kusema kazi yake iko wapi?